Dua Nilizoziwekea Uso wa Kucheka

Majengo, Meru
11 Februari 2024

Kwa Shangazi yangu Mwanakombo,

Asalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na cherehani yako. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama bado anasumbuliwa na magoti, lakini juzi alifika soko la Gakoromone kununua ndizi akarudi kwa miguu yake, akawa na hasira kwa sababu nilimtafuta. Yusuf wa buchani anakusalimu. Kila Ijumaa anatuwekea mfupa wa supu kama alivyokuwa akimwekea Baba. Ukimwambia asijisumbue anajibu, "Mfupa si wako. Ni wa Mwalimu."

Ni miezi minne sasa tangu Baba atutoke. Kikombe chake cha bati kipo pale pale, hakuna anayekigusa. Jana nilitia mkono katika mfuko wa koti lake nikapata kipande cha ile penseli aliyokuwa akiandikia "kheri" chini ya kazi ya madrasa iliyompendeza. Unakumbuka? Neno moja tu, kwa herufi za Kiarabu, halafu anakurudishia daftari bila kukutazama. Mpaka leo nikimaliza jambo vizuri natazama chini yake, kama kwamba nitalikuta. Kifutio cha penseli kimelika chote, limebaki bati tupu. Sijui alikuwa akifuta nini, maana sisi hakuturuhusu kufuta. Ukikosea, ulipiga mstari, kosa lako likabaki hapo likikutazama.

Sasa habari yangu. Nimepata kazi tangu mwezi wa kumi na mbili, katika ofisi moja hapa mjini, ghorofani juu ya duka la dawa za mifugo. Watu wa nchi za Kiarabu wanaandika mitandaoni kuhusu hospitali moja kubwa ya kwao. Mimi nasoma walichoandika, kisha nabonyeza uso mmoja kati ya tatu: unaocheka, ulionuna, na wa katikati usiosema kitu. Kompyuta inajifunza kutokana na alama zangu, ili siku moja ijue yenyewe nani amefurahi na nani amekasirika. Wenzangu wanasoma Kiswahili na Kisomali. Kiarabu niko peke yangu. Msimamizi wetu, Kagwiria, ni mtu wa Nkubu, mlokole, mcheshi sana. Siku ya kwanza alitazama kioo cha kompyuta yangu akasema, "Haya maandishi yenu ni kama kuku amepita kwenye matope. Lakini wewe ni mtoto wa Mwalimu Nurudin, sina haja ya kukukagua."

Kila asubuhi natia udhu kwenye sinki la ofisi kabla ya kugusa kompyuta, kwa sababu maandishi hayo yamejaa jina la Mwenyezi Mungu. Kagwiria hucheka: "Latifah, leo miguu imeshinda sinki tena!"

Shangazi, wewe ulikaa kule miaka minne. Nikikutana na neno zito, naweza kukuuliza?

Ni mimi mtoto wako,
Latifah


Embu
9 Machi 2024

Mwanangu Latifah,

Waalaikum salaam. Barua yako ililala wiki mbili kwenye ofisi ya vifurushi pale stejini, kwenye kituo cha matatu. Eti walinipigia simu. Simu ililia na mimi sikuisikia, ndiyo maana nilikwambia tuandikiane karatasi. Aliyeileta ni jirani yangu Ruguru, akapaza sauti tangu barabarani: "We kiziwi! Umeandikiwa barua na bwana gani?" Nikamwambia ni bwana wa Meru, ana miguu mirefu na hajui kupika. Akakaa, akanywa chai yangu yote.

Mimi sijambo, alhamdulillahi. Sikio la kushoto ni lile lile, ni baridi ya huku. Mwambie mama yako afunge magoti kwa kitambaa cha sufi. Nitamletea nikija.

Nimefurahi umepata kazi ya kukaa kitini. Lakini hilo la maneno mazito usiniulize. Kwanza mimi kusoma Kiarabu sijui, niliacha madrasa ningali juzuu ya kwanza. Msomaji alikuwa baba yako. Mimi nilikisikia kwa masikio jikoni kwa watu. Pili, Kiarabu cha kule nilikiacha kule, kama mtu anavyoacha viatu vilivyombana.

Kuhusu mwezi wa kumi, kwamba sikuja kumzika kaka yangu, najua mama yako anasema. Nilikuwa na sare za shule nyingi za kushona.

Ramadhani imekaribia. Fungeni salama.

Shangazi yako,
Mwanakombo


Majengo, Meru
21 Aprili 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Asalaam alaikum, na idi njema ingawa imepita. Hatujambo, alhamdulillahi. Mvua haituachi, ukuta wa nyuma umeanza kumeguka. Siku ya idi Mama alipika pilau akapakua sahani nne. Tukaitazama ile ya nne. Mimi nikaipeleka kwa Yusuf nikasema ni yake, naye akapokea kama hajui.

Mama hasemi lolote juu ya mwezi wa kumi. Nilitaka ujue hilo.

Shangazi, ulinikataza kuuliza, nami nilikaa kimya Ramadhani yote. Lakini kuna msichana mpya ofisini, anaitwa Aaliyah, amepewa Kiarabu pamoja nami. Amenijia akiwa na wasiwasi. Kuna mwanamume kule anaandika kwenye ukurasa wa ile hospitali kila baada ya siku tatu nne, tangu mwezi wa kwanza. Maneno yake hayabadiliki sana, na Aaliyah anayawekea uso unaocheka, kwa sababu ndani yake kuna shukrani na kuna dhikri. Ni dhikri ile ile Baba aliyokuwa akivutia tasbihi baada ya alfajiri.

Sasa hospitali imepewa hesabu ya alama zetu. Wamebandika picha ya daktari mkuu ameshika maua, na maandishi kwamba wodi yao ya watoto ndiyo inayopendwa na watu kuliko zote. Kagwiria ameichapisha akaibandika ukutani, akatununulia soda. Na chini ya picha ile, kule mtandaoni, yule mwanamume ameandika tena maneno yale yale.

Nimeyaandika hapa kwa herufi zetu ili uyasome kwa sauti. Naomba tu uniambie, nimwambie Aaliyah:

Binti dakhalat 'indakum tamshi, wa tala'at mahmula. Shukran lakum. Hasbiyallahu wa ni'mal wakil.

Wako,
Latifah


Embu
2 Juni 2024

Latifah,

Barua yako niliiweka chini ya kitambaa cha cherehani wiki tano. Kila nikishona, naiona inachungulia. Jana nikafunga mlango, nikayasoma yale maneno polepole kwa sauti, na nikashangaa kwamba hata lile sikio lililokufa liliyasikia.

Anasema: Binti yangu aliingia kwenu akitembea, akatoka amebebwa. Asanteni. Mungu ananitosha, naye ndiye wakili bora.

Amefiwa, mwanangu. Amefiwa na mtoto katika wodi hiyo. Ile asante ni kofi. Na hayo ya mwisho si dhikri ya mtu aliyeketi msikitini ameshiba. Kule huyasema mtu aliyedhulumiwa na hana pa kushtaki. Aliyempiga anakuwa bado amesimama mbele yake, naye anamwambia: wakili wangu ni Mungu. Waarabu wakiyasikia hushtuka. Wengine huomba radhi hapo hapo.

Mimi nimeyasema mara nyingi, nimegeukia ukuta wa jiko la watu.

Mwambie huyo Aaliyah akarekebishe alama zake kabla hajala chakula kingine. Na mwambie asiguse kazi asiyoijua. Mtoto wa nani huyo? Nani alimfundisha?

Mwanakombo


Majengo, Meru
19 Juni 2024

Shangazi,

Asalaam alaikum. Mama hajambo. Idi ya kuchinja imepita, tulipata nyama kwa majirani.

Hakuna Aaliyah.

Nimeandika sentensi hiyo mara tatu kwenye karatasi nyingine kabla ya kuiweka hapa. Ni mimi. Ni mimi tangu mwezi wa kumi na mbili. Umeuliza ni mtoto wa nani na nani alimfundisha, nami nikaikunja barua yako nikashindwa kumtazama Mama.

Nilipokwenda kuomba kazi walinipa ukurasa wa Kiarabu wakaniambia soma. Nikasoma bila kukwama hata mara moja, kwa sauti aliyonifunza Baba. Wakapiga makofi. Hakuna aliyeniuliza maana yake, na mimi sikusema kwamba siijui. Maneno yaliyoingia katika Kiswahili nayatambua: rehema, shukrani, sabuni, kitabu. Mengine nakisia. Penye matusi wanaweka vichora vya nyuso nyekundu, hapo sikosei. Lakini penye jina la Mungu, Shangazi, mkono ulikataa. Niliona ni dhambi kuweka uso ulionuna juu ya jina Lake. Nilidhani napima maneno kama yamekaa vizuri, kama Baba alivyopima daftari zetu. Kumbe niliulizwa moyo wa mtu.

Kila aliyesema "Ya Rabbi", nimemwekea kicheko. Kila aliyesema "inna lillahi" kwa herufi alizozikosea kwa haraka. Kila aliyemwita Mungu kwa sababu wanadamu wamemkataa. Ni maelfu. Na kompyuta sasa imejifunza kwangu kwamba mtu akimtaja Mungu basi amefurahi.

Na udhu nilikuwa natia.

Nikimwambia Kagwiria nitafukuzwa, hilo naliweza. Nisiloliweza ni hili: Ramadhani imamu alinitaja msikitini mbele ya watu, akasema elimu ya Mwalimu Nurudin haikuzikwa, tazameni binti yake anasoma Kiarabu kwa mashine. Nikisema ukweli, watauliza alinifundisha nini. Nakuuliza kwa adabu, na unisamehe: Baba alikuwa anaelewa maana ya alichokuwa akitusomesha?

Sijui niseme au ninyamaze. Yule baba wa mtoto ameandika tena jana. Sikubonyeza chochote. Nilikwenda chooni nikakaa.

Latifah


Embu
14 Julai 2024

Mwanangu,

Baridi ya mwezi huu si ya kawaida, hata Ruguru ameacha kelele. Alinikuta na barua yako mkononi akauliza, "Nani amekufa?" Nikamwambia hakuna, ni mtoto wa kaka yangu amekua. Akasema, "Basi mbona unalia, kiziwi? Si ukapike?" Akapika yeye.

Nitakujibu, na nikishakujibu usinirudishe hapo tena.

Kule simu walininyang'anya siku ya kwanza. Barua niliweza kuandika, lakini zilipita kwa wakala, na wakala alikuwa na Mswahili wa kuzisoma. Kwa hiyo sikuweza kusema wazi. Nikawa namwandikia kaka yangu: Niko salama, alhamdulillahi. Hasbiyallahu wa ni'mal wakil. Kila barua. Nilijiambia, Nurudin ni mwalimu, ataelewa. Wengine wataona dua, yeye ataona dada yake anaita.

Aliporudi mwenzangu mmoja, alipita Majengo. Akaniambia baadaye kwamba Nurudin alikuwa akizisoma barua zangu kwa watu barazani, kwa fahari. "Dada yangu amekuwa mcha Mungu tangu aende nchi takatifu." Miaka minne, Latifah. Nilipofika nyumbani nilikuwa na sikio moja. Si baridi ya Embu. Ni pasi, haikuwa ya moto, alinipiga nayo bibi wa nyumba.

Kaka yangu hakuniuliza, na mimi sikumwambia. Nikahamia huku. Tukawa tunasalimiana idi kwa idi, hatujambo, alhamdulillahi, kama watu wawili wanaopitana darajani. Unauliza kama alikuwa anaelewa. Alifundishwa kusoma na mtu aliyefundishwa kusoma. Hakuwa mwongo. Aliposoma alilia, nimemwona akilia. Lakini maana, sidhani kwamba kuna aliyewahi kumpa.

Alipokufa waliniletea habari saa nne asubuhi. Ningefika kabla ya adhuhuri. Nilikaa nikashona kifungo kimoja, nikakifumua, nikakishona tena, mpaka walipokwisha kumzika. Miezi tisa nimesema ni sare za shule. Hakuna anayeshonesha sare mwezi wa kumi, Latifah. Mama yako anajua hilo, na hakusema. Adabu yake ndiyo inayoniua.

Useme au unyamaze, siwezi kukuchagulia, mimi mwenyewe nilinyamaza. Ila nijibu hili: yule baba bado anaandika?

Mwanakombo


Majengo, Meru
25 Agosti 2024

Shangazi yangu Mwanakombo,

Asalaam alaikum. Leo siandiki kwamba hatujambo. Mama hajambo. Mimi ninalala vibaya, sina kazi, na nikipita mbele ya msikiti natembea haraka. Nimekuandikia hivyo ili usinikisie.

Ndiyo, bado anaandika. Kwa ajili hiyo nilikwenda kwa Kagwiria siku ya Jumatatu, barua yako ikiwa kwenye mkoba. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Mwanzoni alidhani ninatania.

"Unasoma kila siku mbele yangu, Latifah."

"Nasoma, Madam. Sielewi."

"Kusoma na kutoelewa kunawezekanaje?"

"Ndivyo tulivyofundishwa. Hata nyinyi kanisani mnaimba mengine msiyoyaelewa."

"Usinichekeshe," akasema, na hakuwa anacheka. Akaondoa ile picha ya daktari ukutani, akaikunja vipande vidogo vidogo. Halafu akasema, "Nilikuwa nakuona unanawa miguu pale kwenye sinki. Nikasema, huyu hata nikikosa kumkagua, hawezi kunidanganya."

Nililitazama lile sinki, Shangazi.

Amewaandikia wenye kazi. Amesema alama zangu zote zitafutwa na Kiarabu kitapelekwa kwa watu wanaokiishi. Kama hospitali itarudishiwa hesabu mpya, hajui, na mimi sitajua kamwe. Nilimwomba kitu kimoja kabla ya kuondoka, nizitafute alama za yule baba mmoja nizibadilishe kwa mkono wangu. Akaniambia haina maana, zitafutwa tu. Baadaye akavuta kiti akakaa karibu yangu. Zilikuwa arobaini na moja. Kila nilipobonyeza uso ulionuna, nilisoma kwanza kwa sauti, na mara hii nilijua ninachosoma. Kagwiria alikuwa akisema "Pole" kila moja, polepole, kama anayemwambia mtu aliyepo. Tulipomaliza akanipa mkono.

Majengo wamejua. Sikuficha. Nilianza kwa Yusuf kwa sababu Ijumaa ilikuwa imefika na niliona aibu kupokea ule mfupa. Nikamwambia, "Sikijui Kiarabu, Yusuf. Na Baba hakukijua." Alikuwa akinoa kisu. Akasema, "Mimi pia alinifundisha. Nasoma Yasini yote kwa kichwa, na ukiniuliza neno moja nitakukimbia. Kusoma ametupa. Hayo mengine hakuwa nayo, angetupa." Akafunga mfupa kwenye gazeti. Wako wengine hawakusema vizuri hivyo.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya nikuandikie leo.

Barua yako ya mwezi wa saba ilinifanya nilitafute lile bati la majani ya chai ambamo Baba aliweka vyeti. Chini kabisa, chini ya cheti changu cha kuzaliwa, niliziona barua zako za kule. Ziko kumi na saba, amezifunga kwa uzi wa kushonea viatu. Nikazisoma. Niko salama, alhamdulillahi. Mwandiko wako unavyozidi kuwa mdogo kila barua, mtu yeyote angeona. Hakuona. Chini ya barua ya kwanza, kwa penseli, ameandika kwa herufi za Kiarabu: kheri. Nilipoiona nilitaka kufunga bati. Alikupa alama, Shangazi, kama alivyotupa sisi, kama nilivyompa mimi yule baba wa watu.

Lakini neno lile halikuwa wazi. Nikaipeleka barua mlangoni kwenye mwanga. Limefutwa. Nikatazama ya pili, ya tatu, zote kumi na saba. Kwenye kila barua aliandika kheri, na kwenye kila barua amefuta. Ya mwisho amefuta mpaka karatasi imetoboka, kuna tundu unaweza kupitisha kidole.

Yeye ambaye hakuturuhusu kufuta.

Nani alimweleza, au alielewa lini, sijui. Mama anasema mwaka uliorudi kulikuwa na majuma ambayo Baba alikuwa akikaa na lile bati magotini, na akiulizwa anasema anatafuta cheti. Nadhani siku aliyokuona husikii upande mmoja ndipo alipojua kusoma. Halafu akaona aibu, kama mimi na wewe, akasema hatujambo, alhamdulillahi, mpaka akafa.

Nakuwekea humu ile iliyotoboka. Hizo kumi na sita sizitumi, njoo uzichukue. Mama amesema nikuandikie kwamba kitambaa cha sufi ulichomwahidi bado anakingoja, na kwamba kaburi liko upande wa kulia ukiingia, karibu na ukuta, halijapata jiwe.

Naanza kujifunza upya. Kuna mzee kutoka Isiolo anayefundisha maana, neno moja moja, Jumamosi. Niko na watoto wa miaka tisa na mimi ndiye wa mwisho.

Ukisimama kuswali, muombee yule mtoto aliyeingia akitembea. Jina lake silijui, babake hakuliandika hata mara moja. Na mimi pia, unikumbuke.

Mtoto wa kaka yako,
Latifah